Kadi ya Saa Tisa

Bi Khole alifika umri wa miaka sabini na moja hajapata hata siku moja kununua tiketi ya kwendea popote. Ibra, mji wao huko Omani, hilo si jambo la ajabu. Ukitaka kwenda sokoni au hospitali, unampigia mtoto simu, gari inakuja mpaka mlangoni. Na kwa Bi Khole, tangu alipoolewa, mwenye gari alikuwa mumewe, Khalaf. Bwana Khalaf hakupenda mkewe achukuliwe na mtu mwengine, hata kama mtu huyo ni mtoto wao Saud. "Mie nipo," husema, na huku ameshashika funguo.

Mwaka huo nyonga ya Khalaf ilimshinda. Kwanza ilianza kumuuma akipanda ngazi, kisha akikaa, mwishowe akawa hawezi kukanyaga breki bila ya kupiga ukelele. Saud akapeleka karatasi za madaktari huku na huku, na ikaamuliwa baba yake akafanyiwe operesheni Ujerumani, katika mji wa Munich. Atakayewasindikiza ni mjukuu wao, Wasan, msichana wa miaka ishirini na tatu, mfamasia Nizwa, aliyekuwa na Kiingereza kizuri na likizo ya wiki mbili.

Wasan alikulia kwenye Kiarabu. Kiswahili alikisikia kwa bibi yake tu, siku za Ijumaa, na alikuwa akijibu kwa Kiarabu kama watoto wenzake wote. Lakini ndege ilipoondoka Muscat alimshika bibi yake mkono akasema, "Bibi, safari hii yote mimi nitasema na wewe Kiswahili. Kiarabu khalas. Nikikosea unisahihishe."

Bi Khole alifurahi hata akasahau kuogopa ndege kunyanyuka. Kukosea, Wasan alikosea sana. Alisema "watu ya hoteli" na "kiti mkubwa". Bibi yake hakumsahihisha hata mara moja. Alikuwa kama mtu anayemtazama mtoto akianza kusimama dede: ukimsemesha tu, anakaa chini.

Walipanga nyumba ndogo karibu na kituo cha Goetheplatz, mtaa wenye maduka ya Waarabu, ambako Bi Khole alipata unga, iliki na hata ndimu kavu. Kutoka pale mpaka hospitali ni treni moja tu, ya chini ya ardhi, vituo kumi. Siku za mwanzo Wasan ndiye aliyeshughulika na tiketi. Bi Khole alisimama nyuma yake na kumtazama akigusa kioo cha mashine, hapa, hapa, kisha hapa, mashine ikatema karatasi. Halafu wakienda kwenye kisanduku cha buluu kilichosimama kabla ya ngazi, wanaingiza ile karatasi, nacho kinapiga "tak!" Bila ya ile tak, Wasan alieleza, tiketi ni karatasi tupu, na wakaguzi wakikukuta nayo ni kama hukulipa.

Mlango wa kuingilia hakuna. Hilo lilimshangaza Bi Khole kuliko treni yenyewe.

"Hakuna mtu anayesimama hapa kuangalia?"

"Hakuna, Bibi. Wanakuamini. Lakini siku moja wanakuja ndani ya treni, ghafla."

"Ala! Basi wanakuamini nusu."

Jambo moja lilimpa Bi Khole fahari. Wasan, na Kiingereza chake chote, akisoma majina ya vituo aliyapinda mpaka hayajulikani. Bi Khole alisoma Unguja mpaka darasa la nne, herufi za kizungu anazijua kwa Kiswahili, a ni a na i ni i, na alipoyasoma yale majina polepole, abiria waligeuka wakatikisa kichwa kukubali. Zilizomshinda ni chache tu. Kulikuwa na herufi moja iliyofanana na B, basi kituo cha Implerstraße yeye alikiita "Implerstrabe," na Holzapfelkreuth alisema jina hilo yeye analipita amefumba macho. Lakini walipofika kituo cha Harras alimpiga Wasan kwenye paja.

"Waharrasi! Kumbe wana kituo chao huku, na jirani yetu Nasra binti Said Al Harrasi hajatwambia kitu!"

Alimhadithia Khalaf hayo kitandani, asubuhi ya operesheni, na Khalaf aliingizwa chumba cha upasuaji akicheka.

Operesheni ilifanywa siku ya Ijumaa, ikenda salama. Jumapili jioni Wasan alikuwa hana budi kurudi, likizo imekwisha na kazini wanamngoja. Angekuja tena mwishoni mwa wiki ya pili baada ya operesheni kuwachukua. Kabla ya kwenda uwanja wa ndege alimpeleka bibi yake kwenye dirisha la tiketi, akamnunulia kadi ya mwezi. Kisha akamkalisha kwenye benchi, akamweleza kwa Kiswahili, polepole, kwa uso wa mtu anayetoa dawa.

"Bibi, sikiliza. Hii kadi ya mwezi mzima. Usinunue tiketi ingine, usipige ile tak. Unaonyesha tu. Lakini hii ni rahisi kuliko zile zingine, kwa sababu mapema watu ya kazi wanajaa. Basi hii inaanza saa tisa. Umeona, imeandikwa, tisa. Kabla ya saa tisa usipande. Jumamosi na Jumapili, wakati wowote. Umefahamu?"

Bi Khole aliitazama kadi. Kweli imeandikwa 9.

"Nimefahamu, mwanangu. Saa tisa."

Wasan akambusu kichwani, akaenda zake.

Jumatatu Bi Khole aliamka alfajiri, akasali, akapika chapati na chai ya tangawizi, akavaa buibui lake. Kufika saa mbili za asubuhi alikuwa tayari. Akakaa kwenye kiti mbele ya saa ya ukutani kusubiri saa tisa. Chai ilipoa, akaipasha moto. Ikapoa tena. Alisali Adhuhuri. Aliwaza kwamba Wajerumani kweli ni watu wa kazi, maana asubuhi yao inafika mpaka alasiri. Teksi hakuitaka; kukaa peke yake garini na dereva asiyemjua hakupata kufanya hata kwao. Na kupanda treni kabla ya wakati ni kuvunja sheria ya watu ilhali wewe ni mgeni wao.

Khalaf alipiga simu mara nne.

"Uko wapi?"

"Nipo nyumbani. Kadi haijafika saa yake."

"Kadi gani hiyo inalala mpaka saa tisa mchana?"

"Mie sikuitunga, Bwana Khalaf."

Saa tisa kasoro dakika tano alikuwa amesimama juu ya ngazi za kituo. Saa tisa kamili akashuka. Alihesabu vituo kwa vidole, na alipofika hospitali peke yake, bila ya kupotea, alitamani kumwambia mtu yeyote aliyepita. Lakini Khalaf alikuwa ameelekea ukutani. Alikula chapati mbili uso huko huko ukutani, na walipomaliza kugombana kidogo na kupatana kidogo, wakati wa kutazama wagonjwa umekwisha.

Jumanne ilikuwa hivyo hivyo, na Jumatano hivyo hivyo.

Jumatano alipokuwa akitoka, msichana mmoja alimwita kwenye ukumbi. Jina lake Wijdan, Msyria aliyekulia Ujerumani, na kazi yake kuwafanyisha wagonjwa mazoezi ya viungo. Akamwambia kwa Kiarabu:

"Hajat, mume wako hataki kusimama. Nakuja kwake kila siku asubuhi, ananiambia, ngoja mama wa watoto aje. Nina wagonjwa wengine, siwezi kungoja mpaka mchana. Na mguu usipotembezwa sasa utakuwa mgumu."

"Amekwambia kwa nini?"

"Anasema amechoka. Mimi naona anaogopa kuanguka, na anaona haya kuniambia. Njoo kesho asubuhi, nakuomba."

"Kadi yangu hairuhusu asubuhi."

"Basi kesho nunua tiketi ya safari moja. Ile ya mashine."

Njia nzima ya kurudi Bi Khole aliiwaza ile mashine. Na alimuwaza Khalaf, mtu aliyewapakia watoto wanne na mbuzi kutoka Ibra mpaka Nizwa katika mvua iliyokata barabara, eti leo anaogopa kuteremka kitandani. Alihisi uchungu. Akajilaumu kwa siku tatu alizokaa akitazama saa.

Alkhamisi saa mbili na nusu za asubuhi alisimama mbele ya mashine. Aligusa kioo kama Wasan, hapa, hapa, kisha hapa. Mashine ikampeleka kwenye ukurasa asioujua, wenye rangi ya kijani. Akarudi mwanzo. Nyuma yake ikaanza foleni. Aliwapisha watu watatu, akajifanya anatafuta kitu mkobani, na huku akitazama vidole vyao. Kijana wa tatu alikwenda polepole, na Bi Khole akaona: kumbe kwanza unachagua picha ya mtu mmoja. Akarudi. Akasoma neno refu lililoandikwa chini yake silabi kwa silabi, kwa sauti, kama anasoma juzuu mbele ya mwalimu. Akatia sarafu moja moja. Karatasi ikaanguka.

"Alhamdulillahi!" alisema, na bibi mmoja wa Kijerumani nyuma yake akapiga makofi mawili madogo.

Kwa furaha hiyo alikipita kisanduku cha buluu bila ya kukiona. Akashuka na ngazi, treni ikaja, akapanda.

Walipoondoka tu kituo cha Harras, mwanamume na mwanamke waliovaa majaketi ya kawaida, waliokuwa wamesimama kama abiria wengine, walitoa vitambulisho na kuanza kukagua. Bi Khole hakuwa na wasiwasi. Alimpa yule mwanamume tiketi yake kwa mkono wa kulia. Yule bwana akaitazama, akaigeuza nyuma, akaigeuza tena mbele. Akatikisa kichwa. Akanyosha kidole kimoja akakipiga hewani: tak.

Bi Khole akakikumbuka kile kisanduku cha buluu. Tak! Amesahau tak! Watu wanatazama. Mwanamke mtu mzima na buibui lake, anakamatwa kama mwizi, na Khalaf anangoja. Akafungua mkoba, akatoa na ile kadi ya mwezi, akampa, na kwa Kiswahili, kwa sababu ndiyo lugha iliyomjia, akasema, "Baba, mie si mwizi. Kadi ninayo. Saa yake tu haijafika."

Mkaguzi akaisoma kadi. Uso wake ukafunguka. Akaweka kidole juu ya ile 9, kisha akavuta mkono wa jaketi lake na kumwonyesha saa yake. Akasema maneno ambayo Bi Khole hakuyajua isipokuwa la mwisho, okei, akamrudishia vyote viwili.

Bi Khole aliinama juu ya ile saa. Mshale mfupi uko kwenye tisa, mrefu umepita mbili kidogo. Mshale mfupi kwenye tisa ni saa tatu. Saa tatu na dakika kumi na mbili za asubuhi, na kadi ni halali.

Alikaa akaifikiri. Wasan hakusema saa ya Kiswahili. Alikuwa anahesabu kwa Kiarabu kichwani, at-tis'a, akaichukua tisa yake akaileta kwenye Kiswahili kama ilivyo, na bibi yake akaipokea kama wanavyohesabu Waswahili wote, kuanzia kuchomoza kwa jua. Asubuhi tatu alizokaa amevaa buibui, chai inapoa! Kicheko kilimtoka, akajaribu kukizuia kwa ncha ya mtandio, kikamshinda. Abiria aliyekaa mbele yake naye akacheka, hajui anachekea nini.

Hospitali alimkuta Wijdan amesimama mlangoni na magongo mawili, na Khalaf amejifunika shuka mpaka kidevuni.

"Subhanallah," Khalaf alisema. "Kadi imeamka leo?"

"Kadi ilikuwa macho siku zote. Waliolala ni mie na wewe."

Akamweleza. Khalaf alianza kucheka kwa puani, kisha kwa tumbo, akashika nyonga. "Basi, mama, basi, unanifumua mshono!" Na kwa sababu Wijdan alikuwa akiwatazama hafahamu, Khalaf akamhadithia naye kwa Kiarabu, tangu mwanzo, na chapati na chai, na Wijdan akalazimika kuegemea ukuta.

Kicheko kilipopungua, Bi Khole alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akasema kwa Kiswahili ili wasikiane wawili tu, "Unaogopa?"

Khalaf akatazama dirishani. "Naogopa. Nikianguka, nani atanibeba? Nchi ya watu."

"Mie leo nimekamatwa na wakaguzi mbele ya watu, sikufa. Njoo. Nitashika upande huu."

Akasimama. Hatua ya kwanza ilikuwa ndogo kama ya mtu anayepima maji ya moto kwa kidole cha mguu. Walifika mlangoni, wakarudi. Mchana walifika mwisho wa ukumbi. Ile tiketi isiyogongwa Bi Khole alimpa Wijdan, na Wijdan aliikataa mara mbili kabla ya kuipokea.

Jioni Wasan alipiga simu kutoka Nizwa, uso wake umejaa kwenye kioo.

"Shikamoo, Bibi. Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mwanangu."

"Bibi, leo ulifika saa ngapi kwa Babu?"

"Saa tatu na nusu."

"Saa tatu na nusu!" Wasan akakunja uso. "Bibi, mbona umechelewa hivyo? Siku nzima Babu anakaa peke yake! Kadi inaanza saa tisa, mimi nimekwambia."

Khalaf alijifunika shuka usoni, kitanda kikawa kinatikisika. Bi Khole alimpiga kofi kwenye mguu mzima, ule usiofanyiwa operesheni.

"Kweli, mwanangu. Nitajitahidi kuwahi."

Simu ilipokatika Khalaf alifunua shuka. "Kwa nini hukumwambia?"

"Nikimwambia leo, kesho atanisemesha Kiarabu. Mwache kwanza azoee."

Lakini siri aliyopewa Wijdan haikukaa. Wasan aliporudi Munich, Jumamosi ya Khalaf kutoka hospitali, Wijdan alimpokea kwa mikono miwili: "Wewe ndiye yule wa saa tisa!" akamhadithia yote. Wasan alimgeukia bibi yake, machozi yamemlenga.

"Bibi, ulikaa siku tatu? Kwa sababu yangu? Kwa nini hukunisahihisha?"

"Ulikuwa unasema vizuri. Nilikuwa nakusikiliza."

"Nilisema vibaya!"

"Ulisema saa vibaya. Mengine yote uliniambia sawa, na sikupotea." Akamfuta machozi kwa kidole gumba. "Ukiona tisa, toa sita. Ukiona kumi, toa sita. Jua likishachomoza, saa moja inayofuata ni moja. Haya, sasa hivi saa ngapi?"

Wasan akatazama saa yake, midomo ikahesabu. "Nne… na robo."

"Ahsante."

Wasan alitaka kuita teksi. Khalaf akakataa. Alisema anataka kuiona njia anayopita mkewe. Walikwenda polepole mpaka kituoni, yeye na magongo yake, na Wasan akatangulia kwenye mashine akinyosha mkono. Bi Khole akampisha kando kwa upole. Alichagua tiketi ya siku nzima ya watu wengi pamoja, maana alishaona ipo, akatia pesa, akaipeleka mwenyewe kwenye kisanduku cha buluu. Tak. Khalaf alimtazama kama alivyomtazama siku ya harusi, yaani kwa kumwangalia kisha kuangalia pengine.

Walipofika Goetheplatz, Khalaf hakunyanyuka.

"Tiketi si ya siku nzima?"

"Ya siku nzima."

"Basi twende mbele tukaone."

Wakaenda mpaka mwisho wa njia upande wa pili, ambako treni inatokea juu ya ardhi na kupita mitini, kisha wakarudi. Wasan alilala usingizi begani kwa babu yake.

Ibra walirudi mwezi uliofuata. Watu walikuja kumpa Khalaf mkono wa salama, na Khalaf aliwahadithia nyonga kidogo na mkewe sana. Breki bado alikuwa hajaruhusiwa kukanyaga. Siku moja Bi Khole alitaka kwenda Sur kumtazama dada yake, Shaikha, na Saud akamwambia Ijumaa atampeleka. Ilikuwa Jumapili. Bi Khole alimwuliza Wasan kwenye simu basi la Sur linapita saa ngapi, na Wasan akamjibu kwa Kiswahili, akarudia na kwa Kiarabu ili kuondosha shaka.

Kulipopambazuka Jumatatu Bi Khole alitia nguo kwenye mkoba mdogo. Khalaf alimkuta mlangoni. Akaenda kuchukua bakora na kofia. Dereva wa basi alisimamisha akawatazama watu wazima wawili waliosimama peke yao ukingoni mwa barabara, akauliza kama kuna mtu mwengine anakuja.

"Hakuna," alisema Bi Khole. "Sur, watu wawili."

Wakakaa nyuma ya dereva. Walipokwisha toka mjini Bi Khole akampigia dada yake kumwambia kuwa wamo njiani.

"Nani anakuleteni?" Shaikha aliuliza. "Saud?"

"Tumo kwenye basi. Mie na Khalaf. Nimekata tiketi."

Shaikha akauliza kama dereva anaijua njia. Bi Khole akamchungulia yule dereva, akajibu kwamba anaonekana anaijua.